Sekunde Kumi na Moja Kati ya Gitega na Muyinga

Kutoka Gitega hadi Muyinga, ukinyoosha mstari angani, ni takriban kilomita 80. Kwa gari ni safari ya vilima na kona, ukipitia Karuzi. Setilaiti inayozunguka karibu na dunia huumaliza umbali huo kwa sekunde 11 hivi. Tufanye basi kwamba chombo cha anga kimenyamaza kikiwa juu ya Gitega, na saa ya mtu wa mwisho kukisikia ilikuwa imekosea kwa sekunde hizo 11. Watafutaji wataelekeza antena zao juu ya Muyinga, watasikiliza, hawatasikia kitu, na wataandika kwamba chombo hakipo.

Katika filamu za safari za nyota, chombo kikipotea, nahodha huwaita watu wake mezani, ramani ya nuru inawaka mbele yao, kila fundi anasema analolijua, ndipo merikebu inageuzwa. Vijana wa Gitega na Muyinga wanazitazama filamu hizo kama vijana wa kwingineko, na mimi nawaambia kwamba kikao kile ndicho sehemu ya filamu iliyo karibu zaidi na ukweli. Chombo kilichopotea hutafutwa kwanza mezani. Anayeondoka mbio kabla ya hesabu huenda akawa anakimbia kuelekea pasipo na kitu.

Hesabu yenyewe huanza na mambo matatu: kilionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, na kilikuwa kikielekea wapi kwa kasi gani. Kila jibu lina kosa lake, na kosa la kasi ndilo baya kuliko yote kwa sababu halitulii. Ukikosea kasi ya chombo kwa sentimita moja tu kwa sekunde, baada ya siku moja umekosa mahali pake kwa mita 864. Baada ya mwaka, kosa limepita kilomita 300, umbali unaozidi Burundi nzima kutoka kaskazini hadi kusini.

Lakini anga ina hisani moja ambayo bahari haina. Chombo kilichozimika angani hakizururi, bali kinaendelea kutii nguvu ya uvutano kama mwezi unavyoitii dunia. Mfano mzuri ulianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, roketi ilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za nyota. Jukwaa hilo liko karibu katika latitudo ileile ya Muyinga, nyuzi zisizofika 3 kusini mwa ikweta. Mzingo wa Uhuru uliinama kwa nyuzi 3 tu, kwa hiyo setilaiti hiyo ilizunguka dunia ikipita juu ya ukanda mwembamba wa ikweta. Juu ya Dar es Salaam isingeweza kupita kabisa. Hata kama ingepotea siku hiyo, sehemu kubwa ya anga ingefutwa kwenye ramani kabla ya mtu yeyote kugusa antena.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokirudisha chombo cha India kiitwacho Chandrayaan-1. Kilirushwa Oktoba 2008 kuuchunguza mwezi, na mwishoni mwa Agosti 2009 mawasiliano yake yalikatika. Ni kama sanduku lenye upande wa mita moja na nusu, likizunguka mwezi ulio kilomita 380,000 kutoka hapa. Darubini za kawaida haziwezi kukiona, maana mwanga wa mwezi wenyewe unakimeza. Aidha, uzito wa mwezi haukutawanyika sawasawa: yapo maeneo mazito chini ya uso wake yanayovuta chombo kwa nguvu zaidi na kuupindisha mzingo kidogo kidogo. Chombo kile kilizunguka mwezi mara moja kila baada ya saa mbili na dakika nane. Hadi kilipokuja kutafutwa, Julai 2016, kilikuwa kimeshazunguka zaidi ya mara 28,000. Kosa la sekunde moja tu katika kila mzunguko, ukilijumlisha, ni karibu saa nane. Chombo kingeweza kuwa popote kwenye njia yake.

Wataalamu wa maabara ya JPL ya Marekani hawakuifuata njia yote hiyo. Walijua jambo moja kwa yakini: mzingo wa Chandrayaan-1 ulipita juu ya ncha za mwezi. Mahali pake hapakujulikana, lakini kila mzunguko ulikuwa lazima ukivushe juu ya ncha ya kaskazini. Mtu anayelisubiri lori litokalo Muyinga kwenda Tanzania kwa njia kuu hana haja ya kulifuata kijiji kwa kijiji, anakaa Kobero mpakani, na lori litamjia. Antena ya Goldstone, yenye kipenyo cha mita 70, ilituma mawimbi ya rada hadi kilomita 160 juu ya ncha ya kaskazini ya mwezi, na antena kubwa ya Green Bank ikatega sikio kusubiri mwangwi. Katika muda wa saa nne kitu kidogo kilikatiza mara mbili, na nafasi kati ya mara hizo mbili ilikuwa sawa na mzunguko mmoja wa chombo kilichopotea. Walipolinganisha na hesabu za mwaka 2009, walikuta kiko karibu upande wa pili kabisa wa mahali zilipokuwa zimekiweka. Aliyezifuata hesabu hizo peke yake angekitafuta upande wa kinyume wa mzingo wake.

Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya mpango. Vifaa vilikuwa vikubwa, kweli, lakini vingeweza kutumiwa miezi mizima bila faida kama swali lingebaki "kiko wapi?" Swali lilipogeuzwa likawa "hakina budi kupita wapi?", kazi ikawa ya saa nne.

Na je, chombo kilicho kweli kati ya nyota? Kipo, na kimewahi kupotea. Voyager 2, iliyorushwa mwaka 1977, ilivuka mpaka wa upepo wa jua Novemba 2018. Tarehe 21 Julai 2023 amri iliyotumwa kutoka duniani kwa makosa iligeuza antena yake nyuzi 2 pembeni, na sauti yake ikapotea. Nyuzi 2 ni kidogo sana kwa macho, ila kwa umbali wa karibu kilomita bilioni 20 zilitosha kuukosesha mnong'ono wake dunia nzima. Hapa chombo hakikupotea mahali, kilipoteza mwelekeo, na mpango ukawa wa namna nyingine. Kwanza antena za NASA zilikusanya mawimbi hadi zikagundua kwamba bado kinatoa ishara hafifu. Kisha kituo cha Canberra, Australia, kikapaza sauti kwa nguvu zake zote kikiamuru antena igeuke. Mawimbi yalichukua saa 18 na nusu kwenda na muda kama huo kurudi. Baada ya saa 37 za kusubiri, tarehe 4 Agosti, jibu lilifika. Wanaotunga hadithi za vyombo vya nyota wazingatie saa hizo 37. Huko mbali hakuna kuuliza na kujibiwa papo hapo, hivyo mpango lazima ufikirie mapema kila linaloweza kutokea kabla jibu halijaja.

Tukishuka duniani, utiifu wa anga unatutoka. Upepo, mawimbi, misitu na mikono ya binadamu haviendi kwa fomula moja. Hapo watafutaji hutumia hesabu ya uwezekano iliyoasisiwa na Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, na ningependa msomaji aifanye mwenyewe kwa kalamu.

Tuseme ndege ndogo imepotea kati ya Gitega na Muyinga. Baada ya kupima ushahidi, kikao kinakubaliana: uwezekano wa kuwa Gitega ni asilimia 50, Karuzi 30, Muyinga 20. Timu inatafuta Gitega na kurudi mikono mitupu. Wengi wangeifuta Gitega. Lakini kwanza tuulize: kama ndege ingekuwa Gitega, timu ile ingeiona kwa uhakika gani? Ikiwa ni asilimia 80, basi bado upo uwezekano wa kuwa iko pale na imewapita. Zidisha 50 kwa sehemu iliyobaki, yaani moja ya tano, unapata 10. Karuzi inabaki na 30, Muyinga 20, jumla 60. Gawanya kila moja kwa 60: Gitega sasa ni sehemu moja ya sita, Karuzi nusu, Muyinga theluthi. Timu ihamie Karuzi. Lakini kama kulikuwa na ukungu na uhakika wa kuona ulikuwa asilimia 40 tu, Gitega inabaki na 30, sawasawa na Karuzi. Hapo kuiacha Gitega ni kosa.

Kwa maoni yangu, namba hiyo ya uhakika wa kuona ndiyo moyo wa utafutaji wote, na ndiyo watu huidanganya kwa urahisi. Hakuna timu inayopenda kukiri kwamba ilitafuta vibaya.

Ndege ya Air France namba 447 ilianguka Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228. Mahali pake pa mwisho palijulikana, na duara la kutafuta lilichorwa kwa nusu kipenyo cha kilomita 74, pungufu kidogo ya Gitega hadi Muyinga. Meli zilipita zikisikiliza milio ya visanduku vyeusi, hazikusikia kitu, na maeneo zilikopita yakashushwa thamani. Karibu miaka miwili ikapotea. Mwanzoni mwa mwaka 2011 wanahisabati wa kampuni ya Metron walirudia hesabu na kuuliza: je, ikiwa vitoa mlio vilikuwa vimeharibika? Ramani ikageuka, na uwezekano ukarudi karibu na katikati ya duara. Utafutaji uliporejea, mabaki yalionekana baada ya wiki moja, tarehe 3 Aprili, katika kina cha mita 3,900 hivi, kilomita 12 tu kutoka mahali pa mwisho palipojulikana.

Afrika Mashariki ina kidonda chake cha namna hiyo. Ndege ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Cameroon, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 kuelekea Nairobi, na ikatoweka na watu 114. Watafutaji walielekezwa kwanza kwenye misitu ya upande wa Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Ilipatikana kesho yake kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita zisizofika 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Hakuna aliyenusurika. Lakini siku hiyo nzima familia zilisubiri habari kutoka msitu usiokuwa na ndege.

Na pwani yetu imechangia katika utafutaji mkubwa kuliko yote. Ndege ya Malaysia MH370 ilipotoweka na watu 239 tarehe 8 Machi 2014, ushahidi pekee wa saa zake za mwisho ulikuwa salamu chache kati yake na setilaiti. Muda uliochukuliwa na kila salamu ulionyesha umbali wa ndege kutoka kwenye setilaiti, na umbali huo ukachorwa kama tao refu juu ya Bahari ya Hindi. Kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilikaguliwa hadi Januari 2017, zaidi ya Burundi nne, bila mafanikio. Katikati ya kazi hiyo, Juni 2016, kipande kikubwa cha bawa kiliokotwa kisiwani Pemba. Wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa ni flapu ya MH370, na alama zake zilionyesha kwamba inaelekea haikuwa imeshushwa ilipong'oka, dalili kwamba ndege haikuwa imetayarishwa kutua majini. Bahari ilikuwa imekibeba kipande hicho zaidi ya miaka miwili, na wanasayansi wa mikondo walikitumia pamoja na vingine, kuanzia kile kilichopatikana kisiwani Réunion mwaka 2015, kurudisha hesabu nyuma hadi kwenye tao. Machi 2025 Malaysia ilitia saini na kampuni ya Ocean Infinity kutafuta tena katika kilomita za mraba 15,000, kwa sharti kwamba isipopata hailipwi.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na boti huliingia usiku kutoka Rumonge, Nyanza-Lac, Uvira na Kigoma. Boti inayopotea humo haitapata antena ya mita 70. Ina kikao tu, na kikao kinahitaji namba za kuanzia. Basi wewe mwenye boti, au unayepanda boti ya mwingine, kabla ya kung'oa nanga mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye mambo manne: saa ya kuondoka, njia mtakayopita, idadi ya watu waliomo, na saa ambayo asipowasikia aanze kuwatafuta.