Jumuiya, Umoja, Muungano na Shirikisho: Istilahi za Siasa za Ulaya kwa Mwanafunzi wa Uhusiano wa Kimataifa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno manne ya Kiswahili, yaani jumuiya, umoja, muungano na shirikisho, kwa jinsi yanavyotumika kueleza hali ya madola yanapokubali kutenda mambo kwa pamoja. Maneno hayo hayana ugeni kwa msemaji yeyote wa Kiswahili. Ugumu huzuka yanapotakiwa kufanya kazi ya istilahi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma uhusiano wa kimataifa katika mji kama Kakamega hufundishwa siasa za Ulaya kwa Kiingereza na hujibu mtihani kwa Kiingereza; jioni husikia habari zizo hizo redioni kwa Kiswahili. Idhaa moja itamtajia "Umoja wa Ulaya" na nyingine "Muungano wa Ulaya", naye atadhani kwamba amesikia visawe viwili.

Rai yetu ni kwamba hivyo si visawe, na kwamba asiyetofautisha maneno hayo hawezi kulijadili kwa Kiswahili swali linaloikabili Afrika Mashariki yenyewe: madola yetu yanaelekea wapi pamoja?

2. Uzito wa jambo lenyewe

Huenda msomaji akauliza kama hili si suala la wanaleksikografia pekee. La, hasha. Kifungu cha 2 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mkataba wa kimataifa ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kisha sheria ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba inataka wananchi washirikishwe kabla ya mkataba kuridhiwa. Tukiviweka vitu hivyo vitatu pamoja, tunaona kwamba mkulima wa Shinyalu au wa Malava ana haki ya kuulizwa maoni yake juu ya mkataba, na ana haki ya kuulizwa kwa lugha anayoielewa.

Tuchukue mfano ulio karibu. Tarehe 18 Desemba 2023, jijini Nairobi, Kenya ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Swali la kwanza la mkulima huyo litakuwa jepesi: tumepatana na nani? Ni dola moja, au ni madola ishirini na saba? Jibu sahihi ni kwamba si hivi wala si vile. Katika sera ya biashara Ulaya husema kwa kinywa kimoja, kwa kuwa madola wanachama yamekwisha kuikabidhi mamlaka hayo kwa chombo chao cha pamoja. Lakini katika Umoja wa Mataifa kila moja lina kiti chake, na majeshi yao yangali ya kila dola. Fauka ya hayo, Kenya iliutia saini mkataba huo peke yake ilhali imo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Atakayemweleza mkulima mambo haya yumkini ni kijana aliyeyasoma chuoni. Je, atayaeleza kwa maneno gani?

3. Maumbo na maana za msingi

Yafaa tuanze na maneno yenyewe kabla ya kuyapeleka Ulaya.

Jumuiya ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa jamii, jumuisha na Ijumaa. Kiini chake ni kukusanyika. Neno hili halituelezi waliokusanyika wameachiana nini. Latueleza tu kwamba wamo pamoja. Ndiyo maana linaweza kubeba Jumuiya ya Madola, ambayo haina mamlaka ya kuwatungia wanachama wake sheria, na pia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina Bunge na Mahakama yake mjini Arusha.

Umoja limeundwa kwa kiambishi u- cha dhana na mzizi -moja. Linataja hali. Watu wanaweza kuwa na umoja bila kuwa na chombo chochote, na chombo kinaweza kuitwa umoja na kikakosa hali hiyo. Kisarufi, neno hili halina wingi, na jambo hili si dogo kwa mwalimu. Somo la siasa ni somo la kulinganisha, na kulinganisha huhitaji vitu viwili au zaidi. Hatuwezi kusema "umoja mbili" tukaeleweka. Istilahi isiyohesabika haifai kutaja aina ya kitu, ingawa yaweza kufaa sana kuwa jina maalumu la kitu kimoja.

Muungano latokana na kitenzi unga, kikapata kiambishi -an- cha kutendana, kisha -o cha kuunda nomino ya tendo au ya matokeo yake. Mafundi huunga mbao, na mganga huunga mfupa uliovunjika. Kilichoungwa kikaungika hakitazamwi tena kama vipande viwili. Neno hili lina wingi, miungano, kwa hiyo laweza kuainisha.

Shirikisho nalo limetoka katika shiriki, lenye asili ya Kiarabu, likaongezwa kiambishi -ish- cha kusababisha. Maana yake ya ndani ni kuwafanya wengine wawe na sehemu katika jambo. Hapa ndipo wazo la kugawana mamlaka lilipo wazi kuliko katika maneno mengine matatu. Wingi wake ni mashirikisho.

4. Safari ya Ulaya katika maneno hayo

Mwaka 1951 madola sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxemburg, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi, yalitia saini mjini Paris mkataba wa kuunda Jumuiya ya Makaa na Chuma. Madola hayo hayo yakatia saini Mkataba wa Roma tarehe 25 Machi 1957, ikazaliwa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Kufikia hapo neno jumuiya linatosha kwa jina. Lakini mwaka 1964 Mahakama ya Jumuiya hiyo iliamua kwamba sheria ya Jumuiya hutangulia sheria ya dola mwanachama pale zinapogongana. Jina lilibaki lile lile, bali kitu chenyewe kilikuwa kimebadilika. Mwanafunzi anayeifikiria Jumuiya ya Madola kila asikiapo neno jumuiya hataona kilichotokea.

Mkataba wa Maastricht ulitiwa saini tarehe 7 Februari 1992, ukaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1993, na jina jipya likaja. Jumuiya ya zamani iliendelea kuwapo ndani ya chombo hicho kipya hadi Mkataba wa Lisbon ulipoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009. Mkataba huo ulieleza pia jinsi mwanachama anavyoweza kutoka. Uingereza ilipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, ikatoka tarehe 31 Januari 2020.

Kutoka huko kwa Uingereza ni mtihani mzuri wa istilahi. Ikiwa Ulaya ni muungano kwa maana tuliyoieleza, basi Uingereza ingekuwa imejitenga, kama jimbo linavyojitenga na dola. Lakini watangazaji wetu walisema aghalabu kwamba Uingereza imejiondoa au imejitoa, kama mwanachama anavyojitoa katika chama. Kitenzi kilijua jambo ambalo nomino "Muungano wa Ulaya" ililificha.

5. Ushahidi wa Tanzania

Kwa bahati njema hatuhitaji kubuni maana ya muungano, kwani historia ya kwetu imekwisha kuipa. Tarehe 26 Aprili 1964 Jamhuri ya Tanganyika na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ziliungana. Viti viwili katika Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano, lakini mbele ya mataifa mengine lilikuwako dola moja tu.

La kuzingatia zaidi ni mjadala wa katiba uliotokea huko baadaye. Rasimu iliyotolewa mwaka 2013 na tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza muundo wa shirikisho lenye serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 likarudi kwenye serikali mbili. Mjadala wote uliendeshwa kwa Kiswahili, bungeni, magazetini na vijiweni. Wasemaji walitofautisha barabara muungano, yaani tukio la nchi mbili kuwa dola moja, na shirikisho, yaani namna mojawapo ya kuligawa dola hilo mamlaka. Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mjadala wa aina hii limekwisha kujibiwa kwa vitendo.

6. Shirikisho na majimbo

Nchini Kenya neno shirikisho lina mpinzani wake, nalo ni majimbo. Mwanafunzi wa Kakamega ana sababu ya pekee ya kulijua. Chuo kikuu kilichomo mjini humo kina jina la Masinde Muliro, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa chama cha KADU, na chama hicho ndicho kilichopigania katiba ya majimbo wakati wa uhuru. Katiba ya mwaka 1963 ilizipa sehemu za nchi mabunge yao. KADU ikavunjwa mwishoni mwa mwaka 1964, na mpango huo ukaondolewa. Katika miaka ya 1990 neno majimbo lilirudi jukwaani likiwa na sauti ya kuwafukuza watu katika ardhi, na tangu hapo limebeba hofu.

Kwa hiyo mwalimu anayeieleza Ujerumani kuwa ni "nchi ya majimbo" huwasha darasani fikira ambazo hazihusiani na Ujerumani. Afadhali kusema kwamba Ujerumani ni shirikisho, na kwamba jimbo ni sehemu mojawapo ya shirikisho hilo.

7. Pengo na pendekezo

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 umetaja ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha na, hatimaye, shirikisho la kisiasa. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama waliafiki kwamba kabla ya shirikisho ipitiwe kwanza hatua ya konfederesheni. Hapa ndipo Kiswahili kilipokosa neno thabiti. Tukiiita hatua hiyo shirikisho, mwananchi ataelewa kwamba enzi kuu ya nchi yake inaondoka, na atapinga jambo ambalo halikupendekezwa. Tukiiita jumuiya, ataelewa kwamba hakuna kinachobadilika, na ataliridhia jambo asilolijua.

Tunapendekeza neno mfungamano, wingi mifungamano. Kitenzi fungamana ni cha kale katika lugha, na siasa ya kimataifa imekwisha kukitumia katika "nchi zisizofungamana na upande wowote". Umbo ufungamano nalo linajulikana Kenya, ila lina dosari ile ile ya umoja: halihesabiki. Zaidi ya hayo, tofauti ya unga na funga ni tofauti tunayoitafuta hasa. Kilichoungwa hutenganishwa kwa kuvunjwa. Kilichofungwa chaweza kufunguliwa, kila kipande kikabaki kizima.

Hivyo maana zingekuwa hizi. Jumuiya: madola yaliyokusanyika kwa mkataba, bila kueleza kadiri ya mamlaka waliyoachiana. Mfungamano: madola yaliyokabidhi baadhi ya mamlaka kwa chombo cha pamoja, kila moja likabaki dola na likaweza kutoka. Muungano: tendo la madola kuacha udola wao yakawa dola moja. Shirikisho: dola moja ambalo katiba yake imegawa mamlaka kati ya serikali kuu na sehemu zake. Umoja ungeachiwa kazi ya kutaja hali, na ya kuwa jina maalumu.

Yawezekana mtu akatupinga kwa kusema kwamba majina yaliyozoeleka hayabadiliki. Hatutaki yabadilike. Jina maalumu ni jambo moja na istilahi ni jambo jingine. Uswisi ingali inajiita konfederesheni katika jina lake rasmi, ingawa tangu katiba yake ya mwaka 1848 ni shirikisho kamili, wala wataalamu wa huko hawapotei kwa sababu hiyo. Nasi twaweza kusema bila kigugumizi kwamba Umoja wa Ulaya una sura ya mfungamano, tena mfungamano uliokazwa kuliko mingine kwa kuwa sheria yake hutangulia sheria za wanachama.

8. Hitimisho

Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha zake za kazi. Heshima hiyo ni deni pia, kwani lugha ya kazi hudaiwa istilahi kila siku. Deni hilo halitalipwa na mabaraza ya lugha peke yao. Katika vyuo vyetu idara ya Kiswahili na idara ya siasa aghalabu ziko umbali wa hatua chache, na mara chache hukaa meza moja. Tungependa kuona mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa akitakiwa, pamoja na insha zake za Kiingereza, kuandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja unaoeleza kifungu cha mkataba kwa mtu ambaye kitamhusu, na ukurasa huo usahihishwe na walimu wa pande zote mbili.

Neno mfungamano twaliweka mbele ya wenzetu ili lipimwe. Likikataliwa, na likataliwe kwa kuletwa lililo bora. Lakini pengo lenyewe lisiachwe wazi hadi siku wananchi watakapoulizwa kama wanakubali.