Kamera ya Kanda na Kazi ya Mtafiti wa Lugha

Kamera ya Canon HV20, iliyotolewa mwaka 2007, hurekodi picha ya mistari 1080 kwa mfumo wa HDV, katika kanda ndogo ya MiniDV ya dakika 60. Lenzi yake huvuta picha mara 10, nayo ina tundu la maikrofoni ya nje. Hata hivyo, sifa inayomhusu zaidi mwanaisimu ni sauti. Katika HDV sauti hubanwa, na sehemu yake hupotea. Katika DV, mfumo wa pili wa kamera hiyohiyo, haibanwi. Basi anayechunguza ishara za fanani achague HDV. Anayepima vitamkwa, DV. Nakala za kompyuta zitolewe mapema, maana mashine za kuchezea kanda hizo zimekuwa adimu.