Geuza mfuko wa chakula cha paka kabla hujauposti

Wenzangu mnaouza chakula cha paka mtandaoni, hii inawahusu. Mimi nipo Dar, nauza kwa WhatsApp na Instagram, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupiga picha mfuko kwa mbele, kuweka bei, na kuandika "tunaleta mpaka mlangoni". Basi.

Sasa kuna mama mmoja wa Mbezi, mteja wangu wa kila mwezi, aliniuliza kama chakula fulani kinamfaa dume lake lililohasiwa. Nikamjibu "kinafaa sana mama", mfuko wenyewe sijaugeuza. Miezi saba baadaye akanipigia. Paka katoka kilo 4 yuko kilo 6, daktari wa mifugo kamwambia uzito huo unamvutia kisukari. Akaniuliza, "Mwanangu, ule mfuko uliusoma, au uliniuzia picha?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo ndo nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza kulijua: paka akishahasiwa, au jike akifungwa kizazi, mwili unahitaji nguvu kidogo kuliko zamani, ila hamu ya kula inapanda. Yaani anataka zaidi huku anahitaji pungufu. Kwa hiyo chakula chake kiwe na protini ya kutosha ili misuli isipotee, na mafuta ya wastani, maana gramu moja ya mafuta ina kalori zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini au wanga.

Neno "Sterilised" lililoandikwa mbele halikwambii hayo. Namba za nyuma ndizo zinazosema: protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Wanga mara nyingi hawauandiki, unautafuta mwenyewe. Jumlisha hizo tano, toa kwenye 100, kinachobaki ndo wanga kwa makadirio.

Tuchukue mfuko wenye protini 34, mafuta 10, nyuzinyuzi 5, majivu 7.5 na unyevu 8. Jumla 64.5, wanga ni 35.5. Kisha zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5. Unapata 119, 85 na 124, jumla kalori kama 328 kwa gramu 100.

Mfuko wa pili una protini 30, mafuta 18, nyuzinyuzi 2.5, majivu 8 na unyevu 9. Wanga 32.5. Fanya hesabu ileile, inakuja kama 372. Mfuko wa namna hii ndio niliomuuzia yule mama. Si chakula kibovu, paka mdogo anayekua na kurukaruka kingemfaa tu. Lakini paka wa kilo 4 aliyehasiwa na anayeshinda ndani anahitaji takriban kalori 200 kwa siku, wengine pungufu, wengine zaidi kidogo. Hiyo ni gramu 54 tu za mfuko huu. Mama alikuwa anajaza bakuli asubuhi na jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia "mjazie bakuli". Hata ule mfuko wa kwanza ungemnenepesha kwa mtindo huo, kwa hiyo siku hizi kila oda naandika gramu za siku, na nawaambia watumie mizani ya jikoni.

Swali linalokuja sana: "Mbona kile cha majimaji kina protini 8 tu na hiki kikavu 34?" Ni maji hayo. Toa unyevu kwanza. Chakula chenye unyevu 82 kina vitu vikavu 18, na 8 gawanya kwa 18 ni 44%. Kile kikavu, 34 gawanya kwa 92, ni 37%. Umeona? Cha majimaji kimeshinda.

Orodha ya viungo nayo ina mitego. Vinapangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ni maji zaidi ya nusu, ndo maana kuku anaweza kukaa namba moja na akikauka akawa nyuma ya mahindi. Angalia pia nafaka iliyogawanywa vipande: mahindi, gluteni ya mahindi, mchele. Kila kimoja kinaonekana kidogo, vikiunganishwa vinaipita nyama. Na mifuko ya Ulaya inayosema "yenye kuku" inaruhusiwa kuwa na kuku 4% tu.

Majivu yasiwatishe, hakuna mtu anayemwaga majivu humo. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa maabara.

Hakikisha imeandikwa kuwa ni chakula kamili, siyo cha nyongeza, na kwamba taurini ipo. Viwango vya AAFCO vya Marekani vinataka angalau 0.1% kwenye kikavu. Paka akiikosa kwa muda mrefu anaweza kupofuka au moyo ukadhoofu, ndo maana huwa sikubali mteja abadilishe na chakula cha mbwa eti ni cha bei nafuu.

Kwa madume nasisitiza maji. Paka wa chakula kikavu hunywa kidogo, na njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Mteja akikwambia paka anachuchumaa kwenye mchanga mara kwa mara na mkojo hautoki, usimuuzie kitu. Mwambie aende kwa daktari saa hiyohiyo, mkojo ukiziba unaua ndani ya siku chache.

Mnaopima kilo kilo kutoka kiroba kikubwa, na mimi ni mmojawapo: mafuta yanaanza kuchacha kiroba kikifunguliwa. Nabandika karatasi kwenye kila pakiti yenye namba zile tano, tarehe ya mwisho kutumika na siku niliyofungua.

Yule mama bado ananunua kwangu. Paka yuko kilo 5.2, anashuka taratibu, daktari hataki ashuke kwa haraka.

Mwenye mfuko anaotaka tuupigie hesabu aweke picha hapo chini. Picha ya nyuma lakini.