Kijito Kisichokauka Wakati wa Kaskazi

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills, hebu kaa kitako nikueleze. Wengi huenda kutazama na kupigwa picha tu. Mimi nilirudi na jambo ambalo mpaka leo halijanitoka akilini.

Tulienda mwezi wa Februari, katikati ya kaskazi. Nyumbani kwetu kisima kilikuwa kimebaki tope, na mfereji ukifunguliwa unatoa hewa tu. Maji tulikuwa tunanunua kwa mtu wa mkokoteni, dumu la lita 20, na mama alikuwa amepiga marufuku kuoga mara mbili kwa siku.

Basi lilituacha juu ya kilima. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 2 hivi kwa miguu, na hamwendi bila askari wa KWS mwenye bunduki kwa sababu ya ndovu. Tulipokuta mavi yao mabichi njiani, wale mabingwa wa kelele nyuma walinyamaza ghafla! Palahala, ambaye hapa Kenya hupatikana Shimba Hills pekee, hatukubahatika kumwona.

Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yanaporomoka kutoka juu kama mita 21 na kutua kidimbwini, baridi si mchezo. Wenzangu wakavua viatu wakaingia. Mimi nikamwendea mwalimu wa Jiografia: "Mwalimu, mvua haijanyesha tangu Disemba. Haya maji yatoka wapi?"

Hakunijibu. Alichota mchanga kando ya njia, akaumwagia maji ya chupa yake. Yakapotea papo hapo. Kumbe sehemu kubwa ya vilima hivi ni udongo na miamba ya mchanga. Masika inaponyesha, majani ya miti huyavunja nguvu matone, na majani yaliyooza chini huyashika maji kama sifongo. Kisha maji huzama polepole mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi. Hapo hayana budi kwenda upande, na yakifika ubavuni mwa kilima hutokeza nje. Hiyo ndiyo chemchemi. Safari hii yaweza kuchukua miezi mingi, kwa hivyo yale yaliyonirukia usoni yalikuwa mvua ya zamani! Aidha, upepo wa baharini ukipanda kilima hupoa, ukaacha ukungu juu ya miti.

"Na tukiikata miti?" akauliza mwenzangu mmoja, miguu ingali majini.

Mwalimu alisema miti nayo hunywa maji, tusidanganyike. Lakini bila msitu mvua haizami vizuri. Huteremka yote kwa siku moja pamoja na udongo, na Februari ukija hapa utakuta mawe matupu.

Sasa sikiliza la kushangaza. Chemchemi za Marere, zilizo katika vilima hivi hivi, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu enzi za ukoloni. Mto Mkurumudzi nao huanzia huku na kuishia ghuba ya Gazi, penye mikoko. Yaani kuna mtu wa kisiwani Mombasa anayeoga maji ya Shimba, na sisi tunaokaa chini ya kilima chenyewe tunanunua kwa dumu! Nilimwambia hivyo askari wetu. Akacheka, akasema hata yeye kwake ananunua.

Kurudi juu ndiko kulikotutoa jasho. Nilikuwa nimejaza chupa yangu pale penye maporomoko, na licha ya kiu sikuigusa. Jioni mama aliyachemsha akapika chai. Alipoimaliza akaniuliza kama nilileta chupa moja tu.