Tumsome Upya Mwana Kupona

Majuzi walimu wa shule moja ya upili huko Changamwe walinialika nizungumze na wanafunzi wao juu ya mwanamke katika fasihi. Nilipowauliza ni waandishi gani wa kike wa kale wanaowajua, msichana mmoja aliwataja Jane Austen na Charlotte Brontë. “Na wa kwetu je?” nikauliza. Akajibu kwa haya: “Mwana Kupona, mwalimu. Lakini yeye alitufunza kuwa watumwa wa waume.” Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwani jawabu hilo nililifundisha mwenyewe kwa miaka mingi.

Hebu tuzitazame tarehe. Riwaya ya Austen, Pride and Prejudice, ilitoka mwaka 1813. Jane Eyre ya Brontë ilitoka mwaka 1847 chini ya jina la kubuni, Currer Bell, mwandishi asijulikane kuwa ni mwanamke. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimtungia bintiye utendi akiwa mgonjwa. Wanawake hawa basi ni wa karne moja.

Sasa tutazame mali. Mabinti watano wa Bennet katika riwaya ya Austen wanahangaika kutafuta waume kwa sababu nyumba ya baba yao itarithiwa na jamaa wa kiume wa mbali. Hadi sheria ya mwaka 1882 ilipopitishwa, mke wa Kiingereza hakuwa na mamlaka kamili juu ya mali yake. Katika pwani yetu, sheria ya Kiislamu ilimpa binti fungu lake la urithi, japo ni nusu ya lile la nduguye wa kiume, na mali ya mke ilibaki kuwa yake.

Sisemi haya ili tujisifu. Haki iliyomo kitabuni si lazima ifike mkononi. Wala sikusudii kuificha ile nasaha ya utii, maana imo ndani ya utendi, tena waziwazi. Lakini mumo humo mtunzi anawahimiza wanawake wausome utungo wake na kuufahamu. Hawezi kuhimiza hivyo asiyetarajia wasomaji wa kike. Tena anamwambia bintiye amtunze mume kama mtoto ambaye hajajua kusema. Je, anayetunzwa hivyo ndiye bwana, au ndiye mlelewa? Mtaalamu Ann Biersteker, mwaka 1991, alitutaka tuufikirie upya utendi huu, tusiusome kama wosia wa unyenyekevu pekee. Si lazima tukubaliane naye katika kila jambo, lakini hatuna udhuru wa kutouliza.

Yamkini mwalimu atasema kuwa huu ni mjadala wa chuo kikuu. La hasha. Msichana wa Likoni akiaminishwa kwamba fikra juu ya hadhi ya mwanamke ilishuka na meli kutoka Uingereza, ataona hana budi kuihama nyumba ya mamake ili apate kufikiri. Na nduguye wa kiume, siku ya kugawa urithi, atapata kisingizio cha kumwambia kuwa haki anazozidai ni za kigeni. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ushauri wangu ni mwepesi. Tuwasome Austen, Brontë na Mwana Kupona katika wiki moja, na kila mmoja tumwulize maswali yale yale: nani anamiliki mali, nani ameshika kalamu, nani anasema, na nani anasikilizwa?

Nilipokuwa nikiondoka, msichana yule alinifuata hadi langoni. Alikuwa amesoma beti chache tu zilizonukuliwa katika kitabu cha darasani, na sasa alitaka kujua wapi ataupata utendi mzima. Walimu wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na tujiandae kwa swali hilo.