"Hai" ya Juba na "hai" ya Kiswahili

Msomaji aliyewahi kufika Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini, bila shaka amesikia majina kama Hai Cinema, Hai Malakal na Hai Referendum. Mzungumzaji wa Kiswahili akilisikia la kwanza, akili yake hukimbilia sinema iliyo hai. La pili humtatiza zaidi: huyo Malakal ni nani hata tuhakikishiwe kwamba hajafa? Malakal ni mji, na hai ya Juba maana yake ni mtaa. Hai Cinema ni Mtaa wa Sinema, basi.

Je, maneno haya mawili ni ndugu, au yamekutana njiani tu? Ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na neno la Kiarabu hayy. Kwa Waarabu neno hilo hutaja kilicho na uhai. Pia hutaja ukoo au kabila linaloishi pamoja, na kutoka hapo mahali linapokaa, yaani mtaa. Hata wingi wake ni mmoja, ahyaa, kwa maana zote hizo. Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa na mtaa, kilichukua maana ya uhai peke yake; majina ya mitaa ya Juba yalibeba ile nyingine. Isitoshe, h nzito ya Kiarabu inayotamkwa kooni imelainika katika Kiswahili na katika Kiarabu cha Juba pia, ndiyo maana masikio hayaoni tofauti.

Kwa hiyo ndani ya Kiarabu tunazungumzia polisemia: neno moja, maana kadhaa. Lakini mwanafunzi wa Juba anayejifunza Kiswahili hukabiliana na kitu kinachofanana zaidi na homonimia. Tangu nchi yake ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, suala hili si la mzaha. Akisoma "mgonjwa yu hai", anaweza kudhani mgonjwa yuko mtaani, ilhali sentensi inasema amenusurika.

Sarufi ndiyo msaada mkubwa. Hai ya Juba ni nomino, nayo hutangulia jina bila kiunganishi chochote, kama ilivyo kawaida ya Kiarabu; Kiswahili hudai "wa": Mtaa wa Sinema. Hai yetu ni kivumishi, hufuata nomino na haichukui upatanisho: mtu hai, viumbe hai, lugha hai. (Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro tuiache kando, hayo ni mengine.)

Walimu wanaweza pia kuonyesha jamaa wengine wa mzizi huo: uhai, huisha, na uhuishaji tunaoutumia kwa filamu za katuni. Wa ajabu kuliko wote ni hayati. Kwa Kiarabu hayaat ni maisha. Sisi tunamwita hayati mtu aliyekwisha kufa!

Kuhusu tafsiri, maoni yetu ni kwamba anwani isiguswe: barua iandikwe Hai Cinema, Juba, la sivyo haitafika. Katika habari au hadithi, "Hai Cinema, mtaa mmojawapo wa Juba" inatosha mara ya kwanza. "Mtaa wa Hai Cinema" ni kusema mtaa mara mbili, ingawa hatutamkata mwanafunzi alama kwa hilo.