Taa za Gari Hafifu? Usikimbilie Globu Kali

Wenye magari ya zamani hulalamika kwamba usiku barabara ya Malindi haionekani. Dukani huambiwa: chukua globu za wati 100. Ngoja kwanza.

Magari mengi ya miaka ya 1990 hutumia globu aina ya H4: wati 60 ukiwasha fuli, 55 ukishusha. Waya na swichi zake zimepimwa kwa kiasi hicho. Ukitia ya wati 100, waya hupata moto na soketi huyeyuka. Ukishikilia, basi fundi wa umeme afunge rilei na waya nene kutoka kwenye betri.

Za LED hazili umeme mwingi, lakini taa yako haikuundwa kwa ajili yake. Mwanga hutawanyika, ukampofusha wa bodaboda anayekuja mbele yako, nawe lami huioni vizuri zaidi.

Mara nyingi, jamani, tatizo ni ile plastiki ya mbele iliyogeuka manjano kwa jua letu. Isugue kwa msasa laini na maji, kisha uipige polishi. Safisha na waya wa ethi ulioshika kutu ya chumvi. Halafu nunua H4 mpya za wati zile zile, mbili kwa pamoja, na usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema.